Kabla Hujalipia Chekechea, Ingia Kwanza Darasa la Awali la Shule ya Serikali

Kila ukikaribia mwezi wa kumi, majirani zangu huku Mbagala, Dar es Salaam, huniuliza swali lilelile: mtoto anatimiza miaka mitano, nimpeleke awali ya serikali au nijibane nilipie chekechea ya mtaani? Wanangu wawili wamepita awali ya serikali, na nimekuwa mjumbe wa kamati ya shule, kwa hiyo nitasema ninavyoliona, pamoja na yanayoniuma.

Kwanza haki yenyewe. Awali si fadhila ya mwalimu mkuu. Shule za msingi za serikali zinatakiwa kuwa na darasa la awali, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inamtaka mtoto asome mwaka mmoja wa awali kabla ya kuanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Ada hakuna tangu Januari 2016. Waraka wa elimu bila ada uliotolewa mwaka huo unamwachia mzazi sare, madaftari, chakula na matibabu. Michango ya hiari inaruhusiwa, ila mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Lishike hilo vizuri, maana litakusaidia mbele.

Sasa ubora. Kigezo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Kwa Dar es Salaam, hasa kata zilizojaa watu kama za Mbagala, Chamazi, Gongo la Mboto na Chanika, usitarajie kukikuta. Darasa alilosoma mwanangu wa pili lilikuwa na watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja. Nasema hivi ili uende ukijua, wala sikutishi.

Na bado mtoto yule alijifunza. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa lile asubuhi nzima. Mwalimu aliwagawa watoto kwa makundi, kila kundi na mkeka wake. Kundi moja lilikuwa na vizibo vya soda kwenye kopo la rangi, wanahesabu na kupanga kumi kumi. Wengine walikuwa kona ya nyumbani na vyungu vya udongo na kanga kuukuu, wanapika, wanagombana nani awe mama, wanapatana. Kundi la tatu lilikuwa naye mwenyewe, wanatamka sauti za herufi huku wakizichora kwa kidole kwenye mchanga uliomwagwa kwenye sinia. Baada ya muda anapiga makofi kwa mdundo, watoto wanamwitikia kwa makofi, wanahama mkeka. Hakuwa na fimbo. Mwalimu yule amesomea elimu ya awali, na ilionekana.

Ndiyo maana nasema usihukumu darasa kwa rangi ya ukuta. Mtaala wa awali wa 2016, uliotumika kabla ya huu ulioboreshwa 2023, ulijengwa juu ya umahiri ambao mtoto anaupata kwa kucheza: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, sanaa na hisabati za awali. Mtoto wa miaka mitano anayekaa saa tatu nzima ananakili ubaoni hafundishwi huo, hata kama ana tai na begi la magurudumu. Nimeingia chekechea moja ya kulipia, jina silitaji, nikakuta watoto wa miaka mitatu wanaandika moja hadi hamsini kwenye daftari na kupewa mtihani wa kila mwezi wenye nafasi ya kwanza hadi ya mwisho. Wazazi walikuwa wanafurahi. Mimi niliumia. Awali haina kufaulu wala kufeli, na anayempa mtoto wa miaka mitatu nafasi ya mwisho anamvunja moyo kabla hajaanza shule.

Kama lazima ulipie, kwa sababu kazi yako inakutoa nyumbani alfajiri au mtoto hajafika umri wa awali, basi uliza usajili. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Shule ya awali inasajiliwa na Wizara ya Elimu na hukaguliwa na wathibiti ubora wa shule. Mwenye cheti atakuonyesha bila kununa. Halafu omba kwenda chooni. Kigezo cha shule zetu ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini kwa watoto hawa wadogo mimi naangalia zaidi kama tundu ni dogo kiasi cha mtoto kutoogopa, na kama kuna maji na sabuni karibu.

Turudi serikalini, maana huko ndiko wengi wetu tuliko. Ruzuku inayotajwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake inakwenda kwenye vitabu. Fanya hesabu mwenyewe uone inabaki shilingi ngapi ya chaki, ukarabati na karatasi, halafu fikiria awali inakaa wapi kwenye foleni hiyo. BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, umejenga madarasa ya awali na ya msingi mengi nchini, na nimefurahi kuyaona. Darasa jipya bila mwalimu wa pili, hata hivyo, linajaa mwaka huohuo.

Hapo ndipo mzazi ana kazi. Nenda mkutano wa wazazi, usimtume dada wa kazi. Mapato na matumizi ya shule yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Yasome, kisha uliza awali imepata nini. Uji nao uzungumzwe mapema na kwa uwazi. Sisi tulikubaliana wenye uwezo walete unga na sukari, wasio na uwezo waje kupika kwa zamu, na watoto wote wanywe. Mtoto aliyekunywa uji saa nne anamsikiliza mwalimu. Mwenye njaa analala mkekani.

Uandikishaji ukitangazwa, wahi siku za mwanzo ukiwa na cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kama cheti bado unakifuatilia. Chagua shule ambayo mtoto hatavuka barabara kubwa peke yake. Ukiambiwa nafasi zimejaa, usirudi nyumbani kimya. Pitia kwa Afisa Elimu Kata, mweleze unapoishi, umuulize ni shule gani ya jirani bado inapokea, na akuandikie mtoto wako anakwenda wapi.