Eisi ya gari inameza gesi

SWALI: Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998, naiegesha karibu na ufuo hapa Malindi. Tangu kaskazi ianze nimejaza gesi ya eisi mara tatu. Baridi huwa nzuri, kisha baada ya wiki tatu hewa inatoka moto na kompresa haishiki. Fundi mmoja anasema ninunue kompresa, mwingine ananiuzia kopo la dawa ya kuziba. Nimsikize nani?

JIBU: Kwa sasa, usimsikize yeyote. Gesi ya eisi haichomwi kama petroli. Ikiisha kwa wiki tatu, kuna mahali inatokea. Na kompresa kutoshika si ushahidi kwamba imekufa. Oili yake husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo gesi ikipungua swichi ya presha hukata umeme wa klachi inayoizungusha ili isizunguke kavu.

Kwa gari la pwani, anza na kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta. Chumvi na mchanga hukaa kwenye mapezi yake, hasa chini, na aluminiamu huoza ikitoa unga mweupe. Tafuta doa la mafuta lililoshika vumbi: gesi inapotoka hutoka na oili. Halafu kagua maungio ya paipu, vali za kujazia na sili ya mbele ya kompresa.

Usipoona kitu, gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine, kisha mfumo ujazwe nitrojeni hadi psi 150 kupitia regyuleta, na kila kiungo kipakwe povu la sabuni. Oksijeni ya wachomeleaji isikaribie kabisa, maana ikikutana na oili yaweza kulipuka. Sindano ya geji ikishuka na povu halionekani popote, shuku evaporeta, kile kipozea hewa kilicho ndani ya dashibodi. Kama mfumo ulitiwa rangi ya kutambua uvujaji, itaonekana kwenye maji yanayodondoka chini ya gari, ukiyamulika kwa taa yake maalum.

Kondensa iliyoliwa na chumvi usiichomelee. Aluminiamu iliyozunguka tundu nayo imekonda, utarudi gereji mwezi ujao. Nunua mpya. Ya mtumba kutoka gari lingine la Malindi imevuta chumvi ileile.

Kila kiungo kilichofunguliwa kipate ringi mpya ya mpira inayofaa R134a, ile gesi ya eisi ya gari lako (nyingi ni za kijani), ipakwe oili ya kompresa kabla ya kufungwa. Badilisha draya pia, kwa kuwa punje zake hunyonya unyevu mara mfumo ukiwa wazi, na hewa yetu imejaa unyevu. Kompresa ya Denso ya gari kama hilo hutumia oili ya PAG 46. Kondensa mpya ongeza kama mililita 40, draya 10 hadi 20. Usimimine zaidi kwa kubahatisha. Oili nyingi hupunguza baridi.

Sasa vuta hewa kwa pampu ya vakyumu angalau dakika 30, funga, subiri 15. Sindano isipande. Ila kipimo hiki peke yake hakitoshi: vakyumu hujaribu mfumo kwa psi 15 tu, ilhali kondensa ikifanya kazi hubeba zaidi ya 200. Ndiyo maana nitrojeni hutangulia.

Gesi ipimwe kwa mizani kufuata stika iliyo chini ya boneti. Injini ikiwa imezimwa, kwenye joto la nyuzi 30 geji zote mbili husoma karibu psi 97, iwe gesi imejaa au ni nusu, mradi bado kuna kimiminika ndani. Fundi anayekuonyesha geji hizo na kusema “imejaa” hajapima kitu.

Dawa ya kuziba? Hapana. Huganda kwenye vali ndogo inayolisha evaporeta, na huharibu mashine ya fundi atakayekuja baadaye.

SWALI: Je, gesi ya kupikia inaweza kutumika badala yake? Ni rahisi zaidi.

JIBU: Hupoza, ndiyo, lakini huwaka, na evaporeta iko mbele ya magoti yako. Ikivuja, chumba cha gari ndicho kinachojaa. Kama ilishatiwa, mwambie fundi kabla hajaunganisha mashine yake.