Kabla ya Kulipia Pikipiki Mpya, Piga Magoti Uitazame

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Songea aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nimejikusanyia fedha ya kununua pikipiki mpya. Dukani wananionyesha toleo la zamani lenye kabureta, na toleo jipya la injekta lenye breki za diski mbele na nyuma. Nichukue lipi?" Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini; injekta huinyunyiza petroli hiyo kwa kuongozwa na umeme. Nilimjibu kwa kifupi siku ileile, lakini swali lake linastahili jibu refu, kwa kuwa kila anayetaka kuishi kwa pikipiki yake atakutana nalo.

Mimi hununua mpunga vijijini katika Bonde la Kilombero, kati ya Ifakara na Mlimba, na bila pikipiki sina kazi. Hapo mwanzo niliipeleka kwa fundi kila iliposumbua. Fundi mmoja niliyemwamini alilala nayo usiku mmoja, na nilipoichukua asubuhi, kabureta iliyotoka nayo dukani ilikuwa imeng'olewa na mahali pake pamefungwa nyingine iliyochakaa, yenye skrubu zilizolika vichwa. Alikana mbele ya watu, nami nikarudi nyumbani na injini iliyokuwa ikizima kila nilipopunguza mwendo. Jambo hilo liliniuma, na hadi leo linaniuma. Mafundi waaminifu wapo wengi na baadhi yao ni rafiki zangu, lakini tangu siku hiyo nilinunua spana, bisibisi na fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), nikaamua kwamba mtu wa kwanza kuifungua injini yangu nitakuwa mimi mwenyewe.

Pikipiki niliyojifunzia ni Honda CG125, na ninaitaja kwa heshima. Iliingia sokoni mwaka 1976, na injini yake ilisanifiwa kwa ajili ya nchi ambako matengenezo ya mara kwa mara ni shida: kemshafti yake, yaani shafti inayofungua valvu, imekaa chini karibu na krenki (shafti kuu ya injini) na kusukuma valvu kwa fito, kwa hiyo haina cheni ya taimingi ya kuizungusha, ya kulegea wala ya kukazwa. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu zilijengwa kwa kuiga muundo huo, na ndiyo maana spea zake hupatikana hata kwenye vibanda vya vijijini.

Kuset tapeti za injini hiyo, yaani nafasi ndogo kati ya valvu na roka (mkono unaoibonyeza), ni kazi ya asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa. Unafungua kifuniko cha juu ya silinda na kile cha upande wa sumaku, unaizungusha sumaku taratibu hadi alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye bodi, kisha unatikisa roka zote mbili kwa vidole. Zikiwa zimelegea, pistoni iko juu mahali panapotakiwa. Hapo unalegeza nati ya kila roka, unaingiza fila geji ya milimita 0.08 kwenye nafasi hiyo, unarekebisha skrubu hadi bapa lipite kwa kukwaruza kidogo, halafu unakaza nati huku umeishikilia skrubu isizunguke. Unapima tena, kwa sababu mara nyingi nati ikikazwa nafasi hubadilika. Ninajivunia kusema kwamba kazi hii hakuna anayenifanyia.

Sasa litazame toleo jipya. Nchini India, zinakotoka pikipiki nyingi tunazonunua, kanuni za moshi za BS-VI zilianza kutumika Aprili 2020, na mwaka huohuo Ulaya ikaanza Euro 5 kwa matoleo mapya. Viwanda vingi vikaingiza injekta na sensa. Siupingi mfumo huo: huwaka kwa urahisi kwenye baridi ya Njombe, hubana matumizi ya mafuta, na hauhitaji kurekebishwa kwa bisibisi. Lakini huku kwetu petroli ya vijijini huuzwa kwenye chupa za maji, na wakati mwingine huja na maji yenyewe. Kabureta ikiingia maji, unalegeza skrubu ya chini ya bakuli lake, unayamwaga pembeni mwa barabara, unaondoka. Mfumo wa injekta una pampu ndani ya tangi na tundu jembamba mno, na uchafu ukifika huko utahitaji mtu mwenye vifaa. Vilevile betri ikifa kabisa, nyingi haziwaki hata kwa kiki, kwa sababu pampu haina umeme.

Hata pikipiki kubwa zimeelekea huko. Royal Enfield Himalayan ya mwaka 2016 ilikuwa na cc 411, kemshafti moja, na tapeti za skrubu na nati. Iliyozinduliwa mwaka 2023 ina cc 452, hupozwa kwa maji na ina kemshafti mbili. Ina nguvu zaidi, lakini mwenye nayo hataigusa kwa spana zangu.

Vijana wenzangu, acheni kununua pikipiki kwa rangi na stika. Piga magoti palepale dukani. Tafuta nati ya kumwagia oili uone kama spana inaifikia bila kufungua kitu kingine. Angalia kama plagi inang'oka bila kuvua tangi, kama kichujio cha hewa kiko nyuma ya kifuniko cha pembeni, kama kuna kiki na stendi kubwa, maana bila stendi kubwa kukaza na kupaka cheni oili peke yako ni taabu. Breki ya diski inashika vizuri kuliko ya drum (ile ya breki shuu ndani ya ngoma ya gurudumu), siwezi kuikataa, lakini mafuta yake yana muda wake wa kubadilishwa, na breki ya nyuma ya drum hurekebishwa kwa kuzungusha nati moja kwa mkono.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Songea, kama utakuwa unalala mjini na tawi la kampuni ya pikipiki lenye kifaa cha kusoma hitilafu liko karibu, chukua ya injekta bila hofu. Kama utabeba mizigo kwenda vijijini, chukua ya kabureta, yenye diski mbele na drum nyuma. Kabla hujahesabu fedha, mwambie muuzaji akutajie bei ya kebo ya klachi, seti ya cheni na sproketi, na breki shuu, kisha vuka barabara ukaulize bei hizohizo kwenye duka la spea. Kama duka hilo halina hata kimoja kati ya vitu hivyo, usiinunue pikipiki hiyo.