Mtoto Kachukua Akili za Nani?

Mtoto akifanya vizuri darasani, kachukua akili za upande wetu. Akiburuza mkia, za kwenu. Bishano hili sasa limepata mbolea: eti akili hurithiwa kwa mama peke yake. Si kweli. Vinasaba vinavyohusika na akili ni vingi mno, vimetawanyika katika kromosomu (nyuzi za seli zinazobeba vinasaba) mbalimbali, na wazazi wote wawili wanachangia.

Kurithi kupo, tusidanganyane. Mwaka 1990 Thomas Bouchard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitoa matokeo ya mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali: takriban asilimia 70 ya tofauti za alama za IQ, yaani kipimo cha akili, ilihusishwa na urithi. Watu huisoma vibaya takwimu hii. Inazungumzia tofauti kati ya watu katika kundi, haisemi kwamba asilimia 70 ya akili ya mwanao imeshapangwa. Tena mwaka 2003 mwanasaikolojia Eric Turkheimer na wenzake walipochunguza watoto mapacha, walikuta kwamba katika familia maskini mchango wa urithi ulishuka karibu na sifuri.

Mfano unaonikaa zaidi ni ugonjwa wa kurithi uitwao PKU. Mwili hushindwa kuchakata fenilalanini, sehemu ya protini, nayo ikijilundika huharibu ubongo. Mtoto akigundulika mapema kwa tone la damu ya kisigino na kuwekewa mlo maalumu, ubongo wake hukua vizuri, ilhali kinasaba ni kilekile.

Mimi nina wawili, wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa alijua kusoma mapema. Mdogo alichelewa, ila kwa kufungua vitu na kuhoji hana mpinzani. Nilichoona kinawasaidia wote ni maongezi ya kupokezana. Usiku mmoja tukitembea, mdogo akauliza kwa nini mwezi unatufuata. Nikamrudishia: wewe unaonaje? Akawaza. Nikamwambia atazame miti ya kando ya njia, kisha vilima vya mbali. "Miti inarudi nyuma haraka," akasema, "vilima polepole." Hatua chache mbele akasimama: "Kumbe mwezi uko mbali kuliko vilima!" Ningempa jibu mapema, ningemnyima hilo.

Wajawazito watumie chumvi yenye madini joto, maana upungufu wake hudumaza ubongo wa mtoto tumboni. Na kabla hujamwita mtoto mzito wa kuelewa, mpeleke akapimwe macho na masikio. Wapo wanaoitwa wajinga, kumbe ubao hawauoni.