Uliza Ujibiwe: Mwanga ukiwa njiani hauonekani

Safari hii maswali ya mwanga yamejaa kweli kweli, na nikiyasoma moja moja naona karibu yote yanajikwaa sehemu moja, tunaamini mwanga ni kitu cha kutazamwa kikipita. Hapana jamani. Jicho linapata habari za ule mwanga ulioingia ndani yake tu, unaopita pembeni hata uwe mkali vipi haulihusu. Shikeni hilo halafu twende.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nikiwasha tochi usiku hewa ikiwa safi naona pale ukutani tu inapomulika, ila kukiwa na moshi au vumbi naona mwanga wote umenyooka toka kwenye tochi mpaka ukutani. Ina maana moshi unaongeza mwanga?

JIBU: Marahaba. Hauongezi, tena unaupunguza, ukipima pale ukutani utakuta pamefifia kidogo. Kinachotokea ni kwamba kila chembe ya moshi ikipigwa na mwanga inautawanya huku na huku, na kale kadogo kanakorushwa upande wako ndo unakokaona, kwa hiyo ule mstari mzuri ulionyooka ni moshi uliomulikwa. Ukuta nao hivo hivo, kwa macho unaweza kuwa laini lakini kwa mwanga una mabonde na vilima, unautawanya kila upande ndo maana waliokaa pembe zote za chumba wanauona. Kioo kisafi cha kujitazamia ni kinyume chake, kinaurudisha wote upande mmoja, ukisimama nje ya njia hiyo utakiona kama kimezima hata kama tochi inakimulika katikati.

Na usijione mjinga kuuliza, hili liliwachanganya wakubwa. Baadhi ya Wagiriki wa kale, Euclid akiwemo, walisema jicho ndo linalotoa miale inayokwenda kuvifikia vitu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, miaka kama 1,000 iliyopita aliligeuza jambo lote, na moja ya hoja zake ilikuwa rahisi tu, kwamba ukitazama mwanga mkali kama wa jua jicho linauma, yaani kuna kitu kimetoka kule kikaingia huku.

SWALI: Picha za wanaanga mwezini zinaonyesha jua linawaka kabisa, kivuli kimelala chini, lakini mbingu nyeusi tii. Wanatudanganya au vipi?

JIBU: Hawakudanganyi. Mwezini hakuna hewa ya maana, sasa mwanga wa jua unaopita juu ya kichwa cha mwanaanga hauna kitu cha kuugeuza umfikie machoni, unapita zake. Mbingu inabaki nyeusi saa sita mchana. Nyota nazo hazitoki kwenye picha kwa sababu kamera imesetiwa kwa ajili ya udongo unaong'aa kwa jua, muda inaofungua ni mfupi mno kwa vitu hafifu vile.

Huku kwetu duniani kuna hewa, na molekuli za naitrojeni na oksijeni ni ndogo sana kuliko wimbi la mwanga (kila rangi ina urefu wake wa wimbi, bluu fupi, nyekundu refu), na vitu vidogo hivo vinatawanya wimbi fupi kuliko refu, tena kwa tofauti kubwa kwelikweli. Mwanafizikia Lord Rayleigh alilipigia hesabu mwaka 1871 akakuta utawanyikaji unapanda kwa kipeo cha nne kadiri wimbi linavyofupika, yaani wimbi likiwa nusu utawanyikaji unakuwa mara 16. Chukua bluu yenye wimbi la nanomita 450 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na nyekundu ya nanomita 650, ile bluu inatawanywa zaidi ya mara 4. Kwa hiyo popote unapotupa macho angani pembeni ya jua, bluu inakushukia toka kila upande. Jioni jua likiwa chini mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kukufikia, bluu imeshamwagwa njiani, inayobaki ni ya machungwa na nyekundu.

Najua kuna mjanja atauliza, mbona zambarau ina wimbi fupi kuliko bluu na anga sio la zambarau? Swali zuri kuliko lile la kwanza. Jua lenyewe linatoa zambarau kidogo kuliko bluu, nyingine inanyonywa huko juu, na juu ya yote macho yetu hayaihisi zambarau vizuri. Yaani rangi ya anga nusu ni mambo ya hewa nusu ni mambo ya jicho. Na ukienda Mars mambo yanageuka, vumbi lake laini linafanya anga la mchana liwe na rangi ya kahawia ya njano hivi, halafu jua likizama kandokando yake panakuwa bluu. Mie hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka.

SWALI: Nimesoma kwamba mwanga unapunguza spidi ukiingia majini, ndo maana penseli kwenye glasi inaonekana imevunjika. Sijaelewa, kupunguza spidi na kupinda vinahusianaje? Na ukitoka tena unapata wapi nguvu ya kukimbia?

JIBU: Kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na kitu hata hewa, mwanga unakwenda mita 299,792,458 kwa sekunde, hiyo namba haina kukadiria maana tangu 1983 mita yenyewe inafafanuliwa kwa kutumia spidi ya mwanga. Majini inashuka mpaka kama kilomita 225,000 kwa sekunde, kwenye almasi kama 124,000. Sasa chora wimbi pana likija majini kwa mshazari. Upande mmoja wake unagusa maji kwanza na kuanza kwenda polepole wakati upande wa pili bado uko hewani unakimbia, lazima wimbi zima ligeuke. Likija wima kabisa pande zote zinaingia pamoja, linapunguza spidi lakini halipindi, na hapo ndo wanafunzi wengi wanapopoteza maksi.

Kutoka tena hakuhitaji kusukumwa. Mwanga hauna injini, spidi yake inaamuliwa na mahali ulipo, ukirudi hewani unarudi kwenye spidi ya hewani palepale.

Kuhusu penseli, ubongo wako haujui habari za kupinda, unachukulia kila mwanga umekuja umenyooka, basi unaiweka ile sehemu ya chini mahali isipokuwepo. Hili lina hatari yake. Maji ukiyatazama kutoka juu yanaonekana kuwa na kina cha kama robo tatu tu ya kina chake, bwawa la mita 2 unaliona kama la mita 1.5, kwa hiyo usiamini macho yako kabla ya kumruhusu mtoto aingie.

SWALI: Kidoa cha leza kinaweza kukimbia kuliko mwanga?

JIBU: Kinaweza! Elekeza leza yenye nguvu mwezini, kilomita kama 384,000, zungusha mkono robo duara kwa sekunde moja, kidoa kule kitakuwa kinakwenda kama kilomita 600,000 kwa sekunde, mara mbili ya mwanga. Na hakuna sheria iliyovunjwa maana kidoa sio kitu, kila sehemu inapigwa na mwanga mwingine kabisa uliotoka kwenye leza kwa spidi ileile ya siku zote. Huwezi kutuma ujumbe kutoka upande mmoja wa mwezi kwenda mwingine kwa njia hiyo.

SWALI: Mwalimu wetu anasema mwanga ni mawimbi, kitabu kinasema ni chembe. Nimwamini nani?

JIBU: Wote wawili, pole. Newton alipenda chembe, Huygens akatetea mawimbi, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1800 Thomas Young akaonyesha mwanga ukipita njia mbili na kukutana unatoa mistari ya mwanga na giza, yaani mwanga ukijumlishwa na mwanga unaweza kuleta giza, kitu ambacho vipande vya kawaida havifanyi. Watu wakaona kesi imefungwa. Ikafunguliwa tena 1905. Ilishajulikana kwamba mwanga ukipiga metali unaweza kung'oa elektroni, ila kwa metali nyingi nyekundu hata uiwashe kwa ukali gani haing'oi kitu, wakati altravaioleti (mwanga usioonekana, wenye wimbi fupi kuliko zambarau) hafifu tu inang'oa. Einstein akasema nishati inakuja kwa vifurushi, ukubwa wa kila kifurushi unategemea masafa ya wimbi (mara ngapi linatetema kwa sekunde, wimbi fupi linatetema zaidi), hivo vifurushi vidogo elfu haviwezi kufanya kazi ya kimoja kikubwa. Tuzo ya Nobel ya 1921 alipewa kwa hilo, sio kwa nadharia yake ya uhusianifu kama wengi wanavyodhani.

Jaribio ninalolipenda ni la mwanafizikia G. I. Taylor, 1909. Alififisha mwanga mno, akauacha upite kandokando ya sindano na kupiga bamba la picha kwa miezi kama 3, na bado ile mistari ya mawimbi pembeni ya kivuli ikatoka. Mwanga unafika kama vipande, lakini mahali pa kufikia panapangwa na wimbi. Ukiniuliza ulikuwa nini pale katikati, nakurudisha kwenye kichwa cha habari.

SWALI: Kwa nini kioo kinageuza kushoto kuwa kulia lakini hakigeuzi juu kuwa chini?

JIBU: Hakigeuzi kushoto wala kulia. Inua mkono wa upande wa dirishani, taswira nayo inainua wa upande uleule wa dirishani. Kinachogeuzwa ni mbele na nyuma, wewe unatazama kioo na yeye anakutazama. Maandishi yanakuja kinyume kwa sababu wewe mwenyewe uliigeuza karatasi ili kioo kiione. Andika kwenye plastiki inayopitisha mwanga, ishike mbele yako bila kuigeuza, utayasoma kwenye plastiki na kwenye kioo, yote yako sawa.