Rangi mbili za ukutani zinazofanana: uchukue ipi?

Usianze kwa kujiuliza ipi ni nzuri zaidi. Krimu na kijivu karibu zote ni nzuri zikiwa kwenye kadi ya dukani, ile yenye sampuli za rangi kuanzia iliyofifia hadi iliyokoza. Jiulize kila moja inaelekea wapi. Kijivu huwa na bluu, kijani au zambarau ndani yake; krimu huwa na njano au waridi. Kwenye kadi hilo halionekani, lakini rangi ikishapakwa kuta zote nne linajitokeza, kwa sababu kuta hurushiana mwanga na rangi hukolea.

Mimi huilaza kadi juu ya karatasi nyeupe kabisa, kisha naangalia rangi iliyokoza kuliko zote kwenye kadi hiyohiyo. Hiyo ndiyo inayomsema mwenzake aliyefifia: ikiwa ina uzambarau, na yeye anao.

Baada ya hapo, jaribu. Usipake kiraka juu ya rangi ya zamani, maana itakudanganya. Chukua ubao au boksi kubwa jeupe, pigia mikono miwili (yaani tabaka mbili za rangi), uache ukingo mweupe, na usihukumu kabla haijakauka. Rangi nyingi za maji hukolea zikikauka. Kisha uhamishe ubao: karibu na dirisha, kwenye kona yenye giza, chini usawa wa sakafu. Sakafu hasa wengi huisahau. Vigae vyenye uwaridi huifanya krimu ya njano ionekane chafu, na vigae huvibadilishi kwa ajili ya rangi.

Usiku uangalie tena, taa zikiwa zimewashwa. Balbu ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga wa balbu) inamwaga unjano, ya 6500 inavuta kwenye bluu, na rangi mbili zilizokuwa pacha mchana huweza kuachana kabisa. Ukiona kijivu chako kimepooza kama maji ya kufulia, badilisha balbu kwanza kabla hujaikataa rangi.

Baadhi ya kadi zina namba ya kiasi cha mwanga unaorudishwa na rangi, kuanzia 0 hadi 100. Tofauti ya pointi moja au mbili isikukoseshe usingizi. Kama ni hiyo tu iliyobaki kati ya rangi zako mbili, chukua yoyote, na ununue makopo yote kwa pamoja, yenye namba moja ya toleo, yaani yaliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja.