Picha ya dhahania huanza na nini? Jibu kwa aliyeuliza

Ndugu, umeuliza kama wachoraji wa picha za dhahania, zile zisizoonyesha mtu wala kitu kinachotambulika, huanza na wazo kichwani au hupaka tu, na kama mtu anaweza kuanza bila rangi za bei ghali. Mimi niko Nakuru, na kwangu kazi huanza na vifaa. Wazo huja baadaye, mkono ukiwa umeshachafuka.

Kitambaa changu ni marekani, ile inayouzwa kwa mita. Naiwamba kwenye fremu, kisha naipaka jeso, yaani rangi nyeupe ya kutangulizia kabla ya kuchora, niliyoichanganya na unga wa diatomiti, mwamba mweupe unaochimbwa Kariandusi, karibu na Elmenteita. Mwamba huo ni viganda vya mwani mdogo mno, vilivyotuama chini ya ziwa la kale. Kila kiganda kimejaa vitundu, ndiyo maana unga wake hunywa maji ajabu.

Hapo ndipo ninapopapenda. Juu ya jeso ya kawaida, rangi nyepesi hutiririka na unaweza kuifuta. Juu ya diatomiti inazama papo hapo. Brashi haitelezi, inakwaruza. Mstari unakatika kabla sijataka, na mara nyingi mkato huo unapendeza kuliko nilichokusudia, basi naufuata. Januari na Februari, jua likiwaka, akriliki, rangi ninayoizimua kwa maji, hukauka ningali nimeshika brashi, na ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji. Kwa hiyo kiangazi nachora vipande vidogo. Masika naacha madimbwi ya rangi yalale hadi kesho yake.

Kuhusu bei: nyekundu yangu ni oksidi ya chuma, ule unga wa kutia rangi saruji ya sakafu, kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Ni jamaa ya ngeu, ule udongo mwekundu wa kupakia, na jua haliipaushi. Naichanganya na akriliki isiyotiwa rangi, yaani gundi yake tupu, nayo gundi hiyo usiipunje: unga ukizidi, picha iliyokauka itakuachia vumbi kidoleni. Bluu nunua ya dukani, usihangaike. Na ukishika unga wowote mkavu vaa barakoa, mapafu hayana spea.

Najuaje imekwisha? Naipindua, juu kuwe chini, naiegemeza ukutani na kuendelea na shughuli nyingine. Kila nikipita, nikiona jicho linakimbilia kona ileile moja, najua bado ina kazi.