Pesa ya Mganga Ipo, Nauli ya Mafunzo Haipo?

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, mwanangu ana miaka minne hasemi. Mume wangu ataka tumpeleke kwa mganga. Nifanyeje?" Nikausoma ujumbe mara tatu. Huyo mume namjua, alikuwa mimi.

Mwanangu alipotimiza miaka mitatu bila neno, mama alinipoza: wavulana huchelewa. Mimi nikamlaumu mke wangu kwa kumdekeza. Nasari moja ilimpokea Jumatatu, Alhamisi nikapigiwa simu nikamchukue. Nilikabidhiwa mtoto na begi lake jipya mlangoni, bila hata kukaribishwa ndani. Lile begi bado linaniuma. Daktari alipotamka usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na wenzake kwa shida, nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Mafunzo ya walezi alianza kwenda mke wangu. Yametungwa na Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi, na nyumbani mnatembelewa mara 3. Anayefundisha si lazima awe bingwa. Wetu alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Kikao cha tatu mke wangu alishikwa na malaria, nikaenda mimi, mwanamume peke yangu kati ya kina mama.

Nilitarajia dawa. Nikaambiwa nikaketi chini na mtoto, nifuate mchezo wake. Mchezo wenyewe ulikuwa kuzungusha kifuniko cha sufuria, na mwaka mzima nilikuwa nikimpokonya! Jioni ile nikachukua kifuniko changu, nikakizungusha kando yake. Akaacha chake, akaniangalia usoni. Mimi, babake.

Mengine ni madogo lakini yataka moyo. Mshikie embe na ndizi, muulize anataka lipi, kisha nyamaza umsubiri. Kunawa mikono kugawe: kufungua mfereji, kulowesha, sabuni, mfundishe hatua moja tu, nyingine msaidie. Akiweza, msifu papo hapo. Akilia na kujipiga, tazama kilichotangulia. Kwa wetu zilikuwa kelele za pikipiki, na sisi tulikuwa tukimchapa.

Wanaume wenzangu, acheni kusema hiyo ni kazi ya mama. Mbuzi wa mganga mwampata, nauli ya kikao mwaikosa? Mtoto ana jina lako, nenda ukakae kwenye mkeka!

Wangu sasa ana miaka saba. Maneno yake nayahesabu, la kwanza likiwa "embe". Alipolitamka nilimpa yote mawili, na mke wangu akanigombeza kwamba nimeharibu somo.

Dada, anza hospitali, apimwe masikio kwanza. Kisha uliza kliniki yenu kama kuna mafunzo ya walezi karibu. Mumeo akikataa, tangulia. Mimi nilitanguliwa vikao viwili.